Maumivu Yameisha, Jeraha Bado: Kwa Nini Nyama za Paja Hujitonesha

Dakika ya 70 imepita. Winga anaufukuzia mpira uliopigwa nyuma ya beki, hakuna aliyemgusa, mara anashika nyuma ya paja, anachechemea hatua tatu nne na kukaa chini. Kabla daktari hajamfikia, uwanja mzima umeshajua: nyama za paja. Kinachofuata nacho kinajulikana. Atawekewa barafu, atapumzika wiki mbili au tatu, maumivu yataisha, atavaa viatu. Kisha katika mechi ya pili au ya tatu tangu arudi, atalishika paja lile lile, pale pale.

Hapo watu husema amejitonesha. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na kila nikilifikiria linaniuma, maana limebeba lawama ndani yake. Ile -ji- inamfanya mchezaji awe mtenda na mtendwa kwa pamoja: kaumia, na kajiumiza mwenyewe. Watafiti wa michezo wamelifuatilia jambo hili kwa zaidi ya miaka 20, na walichokuta kinamwondolea sehemu kubwa ya lawama hiyo. Maumivu na jeraha havitembei kwa mwendo mmoja. Maumivu hutangulia kuondoka, jeraha hubaki nyuma likiendelea kujengwa. Anayepima kupona kwa maumivu peke yake humrudisha mchezaji uwanjani wakati paja liko katikati ya ujenzi.

Tangu mwaka 2001, Profesa Jan Ekstrand wa Sweden na wenzake wamekuwa wakiandika majeraha ya wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya katika mradi unaosimamiwa na UEFA. Msimu wa 2001/02, nyama za paja zilichukua asilimia 12 ya majeraha yote. Kufikia msimu wa 2021/22 zilichukua asilimia 24. Katika misimu hiyo yote, asilimia 18 ya majeraha ya nyama za paja yalikuwa ya kujitonesha, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yalitokea ndani ya miezi miwili baada ya mchezaji kurudi. Hizi ni klabu zenye mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili, madaktari wa kudumu na wachua misuli kwa kila safari. Basi tusijifariji kwamba sisi tunaumia kwa sababu hatuna vifaa tu. Wenye vifaa nao wanajitonesha.

Paja linapofunga breki

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu. Inaanzia kwenye mfupa wa makalio, ule tunaoukalia, na kuishia chini kidogo ya goti. Inapita viungo viwili, nyonga na goti, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mtu anapokimbia kwa kasi yake yote, kuna nukta ambapo mguu umetupwa mbele, goti linanyooka na unyayo bado haujagusa ardhi. Katika nukta hiyo misuli ya nyuma ina kazi ya kuuzuia mguu. Inakaza huku ikivutwa.

Mfikirie mtu anayeteremka mlima na mkokoteni uliojaa magunia. Hausukumi, anauzuia usimponyoke, na kila hatua uzito unamshinda kidogo. Kazi hiyo inachosha kuliko kuusukuma kwenye tambarare. Msuli unaokaza huku ukirefuka hubeba nguvu kubwa kuliko unaokaza huku ukifupika, na mbio za kasi huurefusha msuli huo tena na tena, hatua baada ya hatua. Nyuzi zikishindwa hukatika, na mara nyingi hukatika katika msuli wa upande wa nje, karibu na pale nyama inapoungana na kano.

Zikikatika, damu huvujia ndani. Seli za ulinzi hufika haraka kusafisha mabaki, paja linavimba na kupata joto. Baada ya siku chache seli changa zilizokuwa zimelala pembeni mwa nyuzi huamka na kuanza kutengeneza nyuzi mpya, na wakati huohuo mwili hujaza pengo kwa kovu la kolajeni, protini ngumu inayounganisha nyama. Kovu hilo ndilo la kuangaliwa sana. Kama halivutwi, hukaa ovyo, nyuzi zake zikielekea huku na huku. Likivutwa kwa kiasi, nyuzi zake hujipanga kufuata njia ya mvuto na kuwa imara. Msuli hausubiri upone ndipo upewe kazi. Kazi ni sehemu ya kupona kwenyewe.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Paja likiuma, ubongo hupunguza amri unazolipelekea, kama mtu anayetembea kwa tahadhari kwenye sakafu yenye maji. Maumivu yakiisha, tahadhari hiyo haiondoki siku hiyohiyo. Mchezaji anaweza kukimbia taratibu, anaweza kupiga pasi, anaweza kukuapia kwamba yuko sawa, na bado msuli wake ni dhaifu hasa ukiwa umenyooshwa, yaani pale pale unapohitajika kufunga breki. Huko Australia, watafiti waliwapima kwa ultrasaundi wachezaji 152 wa soka la juu kabla ya msimu kuanza, kisha wakasubiri kuona nani ataumia. Wale ambao vifurushi vya nyuzi katika msuli wa nje wa paja vilikuwa vifupi walikuwa na hatari mara 4 ya wenzao wenye virefu. Na paja lililowahi kuumia likaachwa lipumzike tu, mara nyingi hurudi likiwa na vifurushi vifupi. Ukiunganisha mambo haya utaona kwamba kujitonesha hakuna uchawi wala uzembe. Ni paja dhaifu na fupi lililopewa kazi ya paja zima.

Barafu, mapumziko na aliyebadili mawazo

Ushauri tuliokua nao una mwanzo unaojulikana. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliandika kanuni ya mambo manne kwa aliyeumia: pumzika, weka barafu, funga bandeji ya kubana, inua mguu juu. Kanuni ikaenea dunia nzima, ikaingia kwenye vitabu vya huduma ya kwanza na kwenye sanduku la kila timu. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika tena, safari hii akisema kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vinachelewesha kupona badala ya kusaidia. Namheshimu kwa hilo. Si wengi wanaoishi na kanuni iliyowapa jina kwa miaka 36 kisha wakajisahihisha hadharani.

Hoja yake ni hii: uvimbe na joto la siku za kwanza ni dalili kwamba mafundi wamefika eneo la ujenzi. Barafu ikikaa muda mrefu hupunguza damu inayowaleta. Lakini tusiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Ushahidi kwamba barafu huchelewesha kupona umetoka zaidi kwa wanyama wa maabara kuliko kwa wanamichezo. Dakika kumi za barafu kwa ajili ya kupunguza maumivu hazitamharibia mtu kitu. Tatizo ni kuamini kwamba barafu ndiyo tiba, na kwamba baada yake kilichobaki ni kukaa kitandani.

Kinachonisumbua kuliko barafu ni kuchua. Viwanja vyetu vya mchangani vina mtu wa kuchua kila mara, na nia yake ni njema. Lakini paja lililochanika saa hiyohiyo, likikandwa kwa nguvu na maji ya moto, huvuja damu zaidi. Na paja lililopigwa goti au teke kwa mbele likakandwa vikali mapema, mara nyingine huota mfupa ndani ya nyama. Siku mbili za mwanzo, mkono uwe mwepesi.

Sasa, mapumziko yawe marefu kiasi gani? Hapa kuna jaribio ambalo nadhani kila kocha angelijua, mambo mengi yangebadilika. Watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliwachukua wanamichezo wa ridhaa 50 waliochanika misuli ya paja au ya kigimbi. Kwa kura, wakawagawa makundi mawili. Mazoezi ya tiba yalikuwa yaleyale kwa wote: kunyoosha kidogo, kukaza msuli bila kuusogeza, kisha kuinua uzito, kisha mazoezi ya kimchezo. Tofauti ilikuwa moja tu, siku ya kuanza. Kundi la kwanza lilianza siku 2 baada ya kuumia, la pili siku 9. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Walioanza mapema walirudi michezoni kwa wastani wa siku 62.5. Waliosubiri walirudi baada ya siku 83. Wiki moja ya kusubiri iligharimu wiki tatu, na katika makundi yote mawili ni mtu mmoja tu aliyejitonesha.

Angalia pia ukubwa wa namba zenyewe. Siku 62 ni miezi miwili, na hao ndio walioharakishwa. Wiki zetu mbili tatu zimetoka wapi?

Jibu la uaminifu ni kwamba majeraha hayalingani. Mchaniko mdogo wa nyama hupona haraka kuliko ule unaoingia hadi kwenye kano, na wachezaji wa kulipwa wenye mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kila siku huwahi zaidi. Nchini Sweden, Carl Askling na wenzake waliwafuatilia wanasoka 75 wa kiwango cha juu waliochanika nyama za paja. Nusu walipewa mazoezi ya kawaida. Nusu nyingine walipewa mazoezi yanayoukazisha msuli ukiwa umenyooshwa. Wa kwanza walirudi kwa wastani wa siku 51, wa pili siku 28. Kundi lenye mazoezi magumu zaidi kwa paja ndilo lililorudi mapema, mradi yalifanywa hatua kwa hatua na bila kulazimisha maumivu.

Zoezi lisilohitaji kitu

Kama msuli huchanika ukiwa unafunga breki, basi ufundishwe kufunga breki. Hilo ndilo wazo lililo nyuma ya zoezi liitwalo Nordic. Unapiga magoti kwenye kitu laini, mwenzako anakukandamiza vifundo vya miguu chini. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi kichwa, unajishusha mbele polepole kadiri unavyoweza, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja. Ukishindwa unajipokea kwa mikono, unajisukuma kurudi, unaanza tena. Zoezi zima ni hilo.

Mwaka 2008, Jesper Petersen na wenzake walilijaribu Denmark kwa timu 50 za wanaume, wachezaji 942. Timu za upande mmoja ziliongezewa zoezi hili kwa wiki 10 wakati wa mapumziko ya katikati ya msimu, kisha mara moja kwa wiki. Upande wa pili uliendelea na mazoezi yake ya kawaida. Wachezaji 461 waliofanya zoezi walipata majeraha mapya na ya kujitonesha 15 ya nyama za paja. Wale 481 wasiofanya walipata 52. Kwa waliowahi kuumia paja kabla, tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Namba hizi zinafaa kutafsiriwa kwa lugha ya benchi, maana asilimia hupotosha. Chukua kikosi cha wachezaji 25. Bila zoezi, utarajie majeraha karibu matatu ya nyama za paja kwa mwaka. Kwa zoezi, utarajie moja au chini ya hapo. Kocha aliyefanya zoezi mwaka mzima na bado winga wake mmoja akaumia atasema halifanyi kazi. Wale wawili ambao hawakuumia hawezi kuwaona, kwa sababu jeraha ambalo halikutokea haliandikwi kwenye daftari lolote. Ugumu wote wa kinga umekaa hapo, katika chanjo, katika vyandarua, na katika paja la winga.

Na ndiyo sababu, naamini, habari ifuatayo haishangazi sana japo inauma. Mwaka 2015 watafiti Roald Bahr, Kristian Thorborg na Jan Ekstrand walichunguza kama klabu za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na za ligi kuu ya Norway zilikuwa zinalitumia zoezi hili. Katika misimu 150 waliyoihesabu, kila klabu ikihesabiwa msimu kwa msimu, ni 16 tu ambamo mpango wote ulifuatwa. Sayansi ilikuwa mezani kwa miaka kadhaa, zoezi ni la bure, wachezaji ni wa mamilioni ya euro, na bado wengi hawakulifanya. Moja ya sababu ni maumivu ya misuli ya siku mbili tatu za mwanzo, ambayo hakuna kocha anayeyataka wiki ya mechi. Lakini maumivu hayo hupungua sana kadiri msuli unavyozoea, na ndiyo maana mpango wa Denmark ulianza kidogo sana.

Dakika 20 kabla ya mazoezi

Nordic ni zoezi moja. Ndugu yake mkubwa ni mpango wa kupasha misuli uliotengenezwa mwaka 2006 na wataalamu wa FIFA pamoja na watafiti wa Oslo na Santa Monica, unaojulikana kama FIFA 11+. Una mazoezi 15 na huchukua takriban dakika 20: kukimbia taratibu, kisha nguvu, mizani na kuruka, kisha kukimbia kwa kasi zaidi na kubadili mwelekeo. Mkazo mkubwa umewekwa kwenye namna ya kutua: goti lisiingie ndani, lielekee vidole vya mguu.

Uliwekwa kwenye mizani Norway mwaka 2007, kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Majeraha yote kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi, makubwa kwa karibu nusu. Niseme pia kwamba kipimo kikuu walichojiwekea watafiti, majeraha ya miguu yote, kilishuka lakini si kwa kiasi cha kuondoa kabisa uwezekano kwamba ni bahati. Ripoti njema ya utafiti huonyesha na mahali palipopungua. Walipoangalia zaidi waligundua kwamba waliofanya mara nyingi waliumia kidogo kuliko waliofanya mara mojamoja.

Swali la msomaji wa huku ni je, hilo linahusu nini uwanja wangu wa vumbi? Linahusu, na tuna ushahidi wa karibu. Lagos, Nigeria, mpango huohuo ulijaribiwa kwa timu 20 za vijana wa kiume wa miaka 14 hadi 19. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Rwanda, Assumpta Nuhu na wenzake waliufanyia jaribio kwa timu 12 zenye wachezaji wanaume zaidi ya 600, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba uwezekano wa kuumia ulishuka. Ninapenda sana kwamba kazi hii ilifanywa Rwanda, kwenye ligi zinazofanana na zetu kwa viwanja na kwa mifuko, kwa sababu inaziba mdomo ule usemi wa "hayo ni ya Wazungu".

Goti ni habari nyingine, lakini si nyingine sana

Kuna ligamenti katikati ya goti, ACL, inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele ya paja. Ikikatika, mchezaji husikia kama kitu kimekatika ndani, goti hujaa, na mara nyingi hawezi kuendelea. Wanawake huikata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika michezo ileile. Nyota wa Hispania Alexia Putellas aliipoteza Julai 2022, siku moja kabla ya michuano ya Ulaya kuanza, na Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 lilichezwa bila Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson kwa jeraha hilohilo. Wanaotafuta sababu wanataja umbo la nyonga, homoni, viatu vilivyotengenezwa kwa miguu ya wanaume, viwanja vibovu na wasichana kuanza mazoezi ya nguvu wakiwa wamechelewa. Mimi nawekea uzito zaidi hilo la mwisho na viwanja, maana ndiyo tunayoweza kuyabadilisha.

Kwetu ACL huchukuliwa kama hukumu. Watu huchangishana, fedha za upasuaji zinapatikana kwa jasho, ligamenti inatengenezwa, na hakuna aliyekumbuka kuweka akiba ya fiziotherapia ya miezi tisa inayofuata. Utafiti unageuza mpangilio huo. Huko Sweden, vijana 121 wenye ACL iliyokatika waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kupewa mazoezi. Jingine lilianza na mazoezi, likiruhusiwa kupasuliwa baadaye kama goti litaendelea kuyumba. Baada ya miaka mitano hali za magoti yao hazikutofautiana, na karibu nusu ya kundi la pili hawakuwahi kuhitaji kutengenezewa ligamenti hiyo. Hao hawakuwa wachezaji wa kulipwa, na wenye kurudi kwenye soka la kugeuka ghafla mara nyingi bado hupasuliwa. Lakini kwa kijana wa mtaani asiye na pesa ya upasuaji, matokeo haya yanasema kwamba mlango haujafungwa, mradi mazoezi yafanywe kwa dhati.

Kwa aliyepasuliwa, Hege Grindem na wenzake wa Oslo walitoa namba ambazo ningezibandika kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo. Hadi mwezi wa tisa, kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi ulipunguza kasi ya kuumia tena goti kwa asilimia 51. Na kati ya waliorudi kwenye michezo ya hatari bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka kwa mguu mmoja, asilimia 38 waliumia tena ndani ya miaka miwili. Kati ya waliofaulu, asilimia 5.6.

Tofauti na nyama za paja ni muda tu, maana kanuni ni ileile: kipimo kiwe nguvu, kisiwe maumivu wala kalenda peke yake.

Vitu vinavyopewa sifa kuliko stahili yake

Kunyoosha misuli kwa kusimama kabla ya mechi hakumwumizi mtu, lakini hakumkingi sana. Jeshi la Australia lilijaribu kwa makuruta 1,538 na halikuona upungufu wa majeraha ya miguu. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 26,000 haukukuta faida ya kinga katika kunyoosha. Mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha hadi chini ya theluthi moja.

Kuzama kwenye maji ya barafu baada ya mazoezi humfanya mtu ajisikie mwepesi, jambo linalofaa kama kuna mechi kesho. Lakini anayefanya hivyo kila baada ya mazoezi ya uzito hujikata faida, maana misuli yake hukua kidogo kuliko ya asiyefanya.

Usingizi hupewa sifa ndogo kuliko stahili. Wanafunzi wanamichezo waliochunguzwa Los Angeles ambao walilala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao. Huenda kukosa usingizi kunaambatana na mambo mengine, lakini sijawahi kuona timu ya ndondo, yale mashindano ya mtaani, ambayo saa ya kulala ilikuwa sehemu ya mazungumzo.

Na hapo kwenye ndondo kuna hatari ya aina yake. Kijana amekaa miezi mitatu bila kukimbia kwa kasi, kisha mashindano yanaanza na anacheza mechi tatu kwa wiki. Wataalamu wamebishana sana kuhusu uwiano halisi kati ya mazoezi ya wiki hii na ya mwezi uliopita, na fomula iliyopata umaarufu baada ya 2016 imekosolewa kwa haki. Wanachokubaliana ni kwamba mruko wa ghafla ni mbaya, na kwamba mchezaji ambaye hakuwahi kukimbia kwa kasi yake yote mazoezini hapaswi kufanya hivyo kwa mara ya kwanza dakika ya 70.

Basi tumrudie winga wetu. Siku mbili baada ya kuumia, aanze kukaza paja bila kulisogeza, kwa kiasi ambacho hakimuumizi. Atembee, kisha akimbie taratibu. Akiweza, aingize kuukaza msuli ukiwa umenyooshwa, kisha Nordic. Kabla ya kurudi, apimwe: je, paja likibonyezwa linauma? Je, nguvu yake inalingana na ya paja la pili? Je, amekimbia kwa kasi yake yote zaidi ya siku moja mazoezini, akasimama ghafla, akageuka, bila kushika paja? Mechi ya kwanza acheze dakika 20, si 90.

Na wenzake ambao hawajaumia waanze mapema, hata kama uwanja ni wa mchanga. Wiki ya kwanza ni siku moja tu ya Nordic, seti 2 za mara 5. Wiki ya pili siku 2, seti 2 za mara 6. Wiki ya tatu na ya nne siku 3, seti 3, ukipanda kutoka mara 6 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi, siku 3, seti 3 za mara 12, 10 na 8. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki hadi msimu uishe. Mwenzako akushike vifundo barabara, na ukimaliza mbadilishane.